Nilinunua vidonge vya mgongo mtandaoni, sasa napigiwa simu na "ofisa wa DEA"

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu usilitoe. Mimi ni Mtanzania, naishi Brooklyn Park, Minnesota, na mwanangu wa kiume wa miaka 15. Nina grini kadi, na mwakani nafikisha muda wa kuomba uraia. Kazi yangu ni ile ile ya wengi wetu huku, nyumba ya wazee: kuogesha, kuvisha, kugeuza, kunyanyua.

Miezi minne iliyopita, shifti ya usiku, tulikuwa wawili kwenye korido badala ya wanne. Mzee mmoja mwenye mwili mkubwa akateleza pembeni ya kitanda. Mashine ya kunyanyulia betri ilikuwa imeisha, nikamdaka kwa mikono. Kiuno kikalia ka! Asubuhi nikamwambia supavaiza. Akanipa mfuko wa barafu, akasema nipumzike siku zangu za ofu. Fomu sikujaza yoyote. Niliogopa kupunguziwa masaa, na nyumbani kuna ada za watu zinanisubiri.

Hospitali nilienda mara moja, maana bima yangu ni ile ambayo unalipa mwenyewe mpaka uchoke ndipo na wao waanze kulipa. Nikapewa ibuprofen na karatasi ya mazoezi. Dawa kali daktari alikataa kabisa. Mwenzangu kazini akanionyesha tovuti, akasema yeye anaitumia mwaka mzima na hajapata tatizo. Imeandikwa famasi ya Canada, ina bendera na picha ya daktari mwenye koti jeupe. Unajibu maswali kama kumi, "daktari wao" anakuandikia, unatuma hela kwa simu. Niliagiza oksikodoni, dawa kali ya maumivu. Ilikuja kwenye bahasha ya kawaida, ndani kimfuko cha plastiki, vidonge vya bluu, upande mmoja herufi M, wa pili 30. Hakuna chupa, hakuna karatasi yenye jina langu.

Shangazi, sikufichi, vilinifaa. Nusu kidonge nalala, naamka, naenda kazini. Nusu ikawa kizima, kizima kikawa viwili. Kuna siku nilisinzia kwenye gari nje ya nyumba, mwanangu akagonga kioo muda mrefu sana ndipo nikashtuka. Vilipokaribia kuisha nikaagiza tena, hela ikaenda, mzigo haukuja. Siku ambazo sikumeza nilitokwa na jasho, mafua, miayo isiyoisha, tumbo kukata, miguu haitulii kitandani. Vimebaki vichache, nimevificha bafuni.

Wiki iliyopita ndipo simu zikaanza. Mwanaume mwenye Kiingereza cha Kimarekani, anasema ni ofisa wa DEA, wale wa dawa za kulevya, akanitajia jina langu lote, anwani na tarehe niliyoagiza. Eti mzigo umekamatwa, hati ya kunikamata imetoka, na grini kadi itafutwa nisipolipa faini ya dola 3,000 kwa kadi za zawadi za dukani. Nimeshamtumia namba za kadi za dola 500.

Kweli nimevunja sheria? Watanidipoti? Dada yangu Dar anasema niachane na vya mtandaoni, yeye atanipa tramado, dawa ya maumivu, kwa mtu anayekuja huku mwezi ujao, maana kule kuna duka mtaani wanamuuzia bila cheti. Na Desemba kuna harusi ya mdogo wetu, tunataka kwenda. Nisaidie, silali.

Mama Mgongo, Brooklyn Park

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na simu, kwa sababu ndiyo inayokumaliza hela. Huyo si ofisa. DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, haipigi simu kudai pesa, na hakuna faini ya serikali yoyote hapo Marekani inayolipwa kwa kadi za zawadi. Utapeli huu ni wa miaka mingi, idara yenyewe imeshautangazia watu, na kundi linalowindwa sana ni watu waliowahi kununua dawa mtandaoni. Unashangaa tarehe aliipata wapi? Ulimwandikia mwenyewe. Ile fomu ya maswali kumi ina jina lako, unapokaa, unapoumwa na namba ya simu. Muuza vidonge akishamaliza kukuuzia vidonge, anabaki na kitu kingine cha kuuza, yaani wewe.

Usimpokee tena, usimjibu, usimwambie hata "nakuja kulipa Ijumaa" ili upate nafuu ya wiki. Chukua risiti na zile kadi, piga simu leo kwa kampuni iliyozitoa, waambie umetapeliwa. Kama hela haijatolewa yote, wakati mwingine wanawahi kuizuia. Taarifa nyingine yoyote kwa serikali isubiri kwanza uongee na mwanasheria, sababu nitaieleza.

Sasa hivyo vya bafuni. Usimeze tena hata kipande.

Kidonge cha bluu chenye M na 30 kipo cha kweli, hutengenezwa kiwandani na huuzwa kwa cheti. Ndicho pia kinachoigwa kuliko karibu vyote Marekani, na wanaokiiga wanatia fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu kupita kiasi. Miligramu 2 za fentanili zinaweza kumuua mtu mzima. Maabara ya DEA ilipima vidonge bandia vyenye fentanili vilivyokamatwa mwaka 2023, ikakuta 7 kati ya 10 vina kiasi kinachoweza kuua. Mwaka 2024 ikawa 5 kati ya 10. Mwenzako anayesema ametumia mwaka mzima bila tatizo hasemi uongo, ila ushahidi wake haukusaidii. Unga ule haupimwi wala kuchanganywa kwa mizani ya kiwandani. Ni pilau ya mpishi asiyekoroga: sahani moja haina kiungo, nyinyi wengine mnakuta pilipili manga yote imekaa kwenu. Kidonge cha jana na cha leo vimetoka mfuko mmoja, na havifanani.

Wewe unaishi jirani na mfano mkubwa wa jambo hili. Prince, yule mwanamuziki, alikutwa amekufa tarehe 21 Aprili 2016 nyumbani kwake Paisley Park, Chanhassen, upande wa pili wa jiji kutoka ulipo. Mwendesha mashtaka wa kaunti alipofunga uchunguzi mwaka 2018 alisema hakuna ushahidi kwamba Prince alijua anameza fentanili. Inaelekea alidhani ni Vicodin, dawa ya maumivu ya kawaida ya cheti. Vidonge vilikuwa na alama ya kiwandani kama vya kweli. Prince alikuwa na hela na madaktari wa kumwita usiku wa manane, na kwa macho hakuweza kutofautisha. Mimi na wewe tutaweza wapi?

Na hizi tovuti zenye bendera ya Canada si lazima ziwe na uhusiano wowote na Canada. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa shirikisho huko New York walifungua kesi dhidi ya watu 18. Walidaiwa kuendesha famasi za mtandaoni zilizopambwa zionekane halali, huku vidonge vikitengenezwa kwa fentanili na kutumwa kwa posta kote Marekani. Hati ya mashtaka ilitaja vifo visivyopungua 9. Waliokufa walikuwa wanunuzi kama wewe, wenye bahasha zilizofika mlangoni.

Ile siku ya kwenye gari, nisamehe, sidhani kama ni usingizi. Dawa hizi zikizidi hupunguza pumzi mpaka pumzi ikakatika, na mtu kwa nje anaonekana amelala tu. Kwa hiyo kabla hujafanya kingine, nenda famasi ununue naloksoni ya kupuliza puani, dawa inayomzindua aliyezidiwa. Tangu 2023 inauzwa bila cheti. Mwonyeshe mwanao jinsi ya kuitumia, mwambie akikukuta huamki apulize, apige 911, asikuache peke yako. Najua ni mazungumzo magumu kati ya mzazi wa Kitanzania na mtoto wake. Lakini yeye ndiye aliyekuwa nje ya kile kioo. Minnesota ina sheria tangu 2014 inayomlinda na mashtaka ya kumiliki kiasi kidogo mtu anayepiga simu kumwokoa aliyezidiwa. Na naloksoni huisha nguvu mapema kuliko baadhi ya dawa hizi, kwa hiyo hata ukiamka, wahudumu wa gari la wagonjwa wakuchukue.

Vidonge vyenyewe vifungie usiku wa leo mahali ambapo kijana wa miaka 15 hafiki, kisha vipeleke kwenye sanduku la kurudishia dawa. Masanduku hayo yapo kwenye famasi nyingi na kwenye ofisi za polisi, na hawaulizi jina. Mimi ningekwenda la famasi.

Jasho, mafua, miayo na miguu isiyotulia ni arosto, mwanangu. Neno lile tunalowatupia vijana wa vijiweni ndilo limekupata wewe mwenye yunifomu safi na rosari kwenye kioo cha gari, na halina dharau yoyote ndani yake: ni mwili uliozoea opioidi, yaani dawa za kundi la oksikodoni na fentanili, na umenyang'anywa. Usijikaze chumbani peke yako. Ipo dawa, buprenofini, inayokata hali hiyo, na tangu Januari 2023 daktari yeyote mwenye usajili wa kuandika dawa zinazodhibitiwa anaweza kukuandikia bila kibali cha ziada. Simu ya bure ya serikali, 1-800-662-4357, iko wazi saa 24 na itakuelekeza kliniki iliyo karibu, zikiwemo zinazotoza kulingana na kipato. Mwambie daktari ukweli wote, hata rangi ya vidonge. Siri za matibabu zinalindwa, na kazi yake si kupeleka majina ya wagonjwa uhamiaji. Jambo moja la kuogopa kuliko arosto yenyewe: mtu akikaa wiki kadhaa bila kumeza, mwili unasahau, na kipimo alichokuwa akikizoea ndicho kinachomuua akirudia.

Halafu yule daktari aliyekunyima. Wengi wetu tukitoka hospitali bila sindano wala dawa ya maana tunaona tumedharauliwa, tena ukiwa mweusi mwenye lafudhi, na wakati mwingine ni kweli tumedharauliwa. Ila kwenye mgongo alikuwa na sababu. Utafiti uliofanywa hapo hapo Minneapolis, kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu, na kuchapishwa 2018, uliwafuatilia kwa mwaka mzima wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Waliopewa opioidi hawakufanya shughuli zao vizuri kuliko waliopewa dawa za kawaida kama ibuprofen na paracetamol, na maumivu yao mwishowe yalikuwa juu kidogo. Alichokosea daktari, kama alikosea, ni kukupa karatasi ya mazoezi badala ya mtu wa kukufanyisha mazoezi.

Na mtu huyo kuna wa kumlipia. Hapa nakugombeza kidogo.

Uliumia kazini, mwanangu. Ukiwa na yunifomu yao, ukimwokoa mgonjwa wao, kwa sababu mashine yao haikuchajiwa na watu wao hawakutosha. Minnesota ilipitisha mwaka 2007 sheria ya kunyanyua wagonjwa kwa usalama. Inazitaka hospitali na nyumba za wazee ziwe na mpango wa maandishi, vifaa na mafunzo, ili wafanyakazi wasiwabebe watu kwa viuno vyao. Na ipo fidia ya wafanyakazi, ambayo mwajiri huilipia bima: hutibu jeraha la kazini bila wewe kufikia kile kiwango cha bima yako, hulipa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na ukilazimika kukaa nyumbani hukupa theluthi mbili ya mshahara. Haijali kosa ni la nani. Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua mwaka 2003 kwamba hata asiye na karatasi anaweza kulipwa, sembuse wewe mwenye grini kadi.

Taarifa ilitakiwa itolewe ndani ya siku 14, na mwisho kabisa ni siku 180. Miezi minne umo. Tena una kitu ambacho hukijui thamani yake, ule mfuko wa barafu. Ulipomwambia supavaiza asubuhi ile, mwajiri alishajua, na sheria inatambua kujua huko hata kama fomu haikujazwa. Andika barua fupi leo: tarehe, saa, chumba, mashine iliyokuwa imezima, mlikuwa wawili, ulimwambia nani na akakupa nini. Tuma kwa barua pepe ili ibaki na tarehe. Jina la mgonjwa usiliandike. Kukufukuza au kukusumbua kwa sababu umedai fidia ni kinyume cha sheria. Wakikuzungusha, Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota ina watu wa kukusaidia bure kwa simu. Vidonge hawahitaji kuvisikia kwenye barua hiyo. Lakini ukifika kwa daktari wa fidia akakuuliza umetumia dawa gani, usimdanganye, na hilo nalo lipitishe kwa mwanasheria kwanza.

Sasa sheria. Ndiyo, umeivunja. Oksikodoni ni dawa inayodhibitiwa na serikali kuu. Kuwa nayo bila cheti halali ni kosa, na kwa mara ya kwanza linaweza kuleta kifungo hadi mwaka 1 na faini kuanzia dola 1,000. Kujaza maswali hakukupi cheti. Sheria ya mwaka 2008, iliyopewa jina la Ryan Haight, kijana wa California aliyekufa akiwa na miaka 18 baada ya kununua dawa ya maumivu mtandaoni, inataka daktari awe amekupima ana kwa ana, au kwa njia ya tiba mtandao inayoruhusiwa kisheria. Kuna famasi za mtandaoni halali, na mimi sizipigi vita. Hizo zinadai cheti kutoka kwa daktari wako, zina leseni ya jimbo unayoweza kuihakiki, zina mfamasia unayeweza kuongea naye, na dawa inakuja kwenye chupa yenye jina lako. Inayokuuzia oksikodoni bila cheti, usihangaike hata kusoma inajiitaje.

Je, watakudipoti? Hakuna anayekufuatilia kwa ushahidi ulionipa. Anayekufuatilia ni tapeli. Lakini sheria ya uhamiaji ni kali kwenye dawa kuliko ile ya jinai. Hatia moja tu ya dawa inayodhibitiwa inaweza kumwondoa nchini mwenye grini kadi, na msamaha pekee ulioandikwa ni wa bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi binafsi, kwa kosa moja. Zaidi ya hapo, upande wa kuruhusiwa kuingia nchini, hata kukiri rasmi mbele ya ofisa kwamba ulitenda kosa kunaweza kukuharibia bila kesi wala hatia. Ndiyo maana nimekuzuia kukimbilia kutoa taarifa. Habari ya vidonge mweleze daktari na mwanasheria wa uhamiaji, basi. Usimweleze polisi aliye rafiki wa kanisani, usiiandike kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Minnesota. Kama hela ni ngumu, Immigrant Law Center of Minnesota huwasaidia bure wenye kipato kidogo. Fomu ya uraia nayo ina maswali ya dawa za kulevya. Usiijaze peke yako, na usidanganye humo.

Dada yako mwambie asante, ila tramado isije. Dar kwenyewe ni dawa ya cheti, muuzaji kutokuuliza hakuibadilishi. Marekani inaidhibiti tangu 2014, na mgeni wako akikutwa na pakiti zisizoandikwa jina lake, kesi ni yake kabla haijawa yako. Halafu fikiria njia anayopita. Ndege nyingi za kuja huko kutoka Dar hupitia Ghuba, na Falme za Kiarabu zinaitaka tramado iwe na kibali kilichoombwa kabla. Misri, mwaka 2017, mwanamke Mwingereza aliyebeba vidonge 290 vya tramado, akisema ni vya mgongo wa mwenzi wake, alihukumiwa miaka 3. Huyo anayekuja anadhani amebeba dagaa na unga wa muhogo. Na tramado ni opioidi pia, ingekurudisha pale pale, na kwa watu wengine huleta degedege.

Imebaki harusi. Mwenye grini kadi akitoka na kurudi kwa kawaida hupita tu, lakini mwenye jambo la dawa nyuma yake anaweza kuchukuliwa mpakani kama mtu anayeomba kuingia upya, na hapo ndipo maswali huulizwa. Kwa hali yako sioni kwamba ni lazima usafiri ushindikane, ila si uamuzi wa kuufanya kwa kunisoma mimi. Hilo liwe swali la kwanza kwa mwanasheria, na tiketi uilipie akishakujibu. Kwa sasa ninachotaka kusikia ni naloksoni kufika nyumbani na barua ya mwajiri kutumwa. Ukishavifanya, niandikie.

Shangazi